Kanga jike au dume: msikilize kwanza

Kila siku napokea picha: "Huyu ni jike au dume?" Picha haina sauti, na kanga hujulikana kwa sauti. Naandika mara moja, akiuliza mtu mpeni hii.

1. Subiri kifaranga afikishe miezi miwili hivi.

2. Rangi iacheni. Wote ni wa kijivu chenye madoa meupe, na wote wana pembe utosini.

3. Sikiliza. Jike hulia mapigo mawili, "kwa-chii, kwa-chii", la pili likipanda. Dume ana pigo moja tu: "chi-chi-chi", kavu, la haraka. Hapa ndipo wengi huharibu. Jike akishtuka, mbwa amepita au mwewe anazunguka juu, naye hulia pigo moja. Mtu anachinja "dume la ziada", kumbe amemaliza mtagaji wake. Mapigo mawili ni jike, hakuna ubishi. Pigo moja usiliamini upesi. Mtenge asiwaone wenzake, ataita. Ukishasikia, mfunge uzi mguuni papo hapo; akirudi kundini humjui tena.

4. Thibitisha akifikisha miezi minne. Vinyama vinavyoning'inia mdomoni: vya dume ni vikubwa na vimejikunja, vya jike ni vidogo, bapa.

Ahero: Dume ni wa rangi gani?
Soma hatua ya 2.

Bahati: Naweza kuokota mayai porini niatamishe?
Hapana. Kanga ni ndege wa pori, na hata kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Anza huko.

Njoro: Mbona mvua ikianza kundi langu linasambaratika wawili wawili?
Umeangalia vizuri! Hata wa porini, kule mbugani Nakuru, hufanya hivyo. Ni msimu wa kutaga. Dume humfuata jike akimlinda, jike anaparua kishimo kwenye nyasi ndefu. Majike wengine huja kutaga humo humo, kwa hiyo ukikuta mayai mengi usishangae. Huatamia siku 26 hadi 28. Vifaranga wakitoka, wazuie ndani mpaka umande ukauke. Wakilowa wanakufa kwa baridi.

Ahero: Samahani mkubwa, nimesoma sasa. Wangu wanalala juu ya mwembe, nifanyeje?
Usijali. Kanga hupenda kulala juu, basi weka fito za juu bandani. Mtama wape jioni tu, humo bandani, kabla jua halijazama. Usiwafukuze kwa fimbo, watahamia kwa jirani.