Kula kwenye migahawa ya Kichina ya bei nafuu jijini, hasa kama huli nguruwe

Rafiki yangu asiyekula nguruwe aliniomba nimfundishe kula kwenye vimigahawa vya Kichina bila kuishia na wali mtupu na soda. Nilichomwelekeza ndicho hiki. Kushika vijiti sitakifundisha; omba kijiko, hakuna atakayekushangaa.

Hatua ya 1: Jua jiko ni la wapi

Neno "Kichina" kwenye bango halikuambii kitu. Mpishi wa Guangdong na mpishi wa Sichuan, majimbo mawili ya China, wamelelewa na majiko mawili tofauti, na mgahawa mdogo hupika vizuri vya kwao tu. Ukiona bata wekundu wamening'inizwa dirishani, hilo ni jiko la Guangdong: agiza nyama ya kuchoma juu ya wali, au uji wa mchele. Mezani kukijaa bakuli za mafuta mekundu yenye pilipili kavu zinazoelea, hao ni wa Sichuan. Mtu akivuta unga kwa mikono mpaka ukawa tambi, fikiria Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China. Na ukinusa mishikaki ya kondoo yenye binzari nyembamba, hapo ni Xinjiang, eneo la magharibi kabisa mwa China.

Ukishajua, agiza kile jiko lilichojengewa. Anayeagiza samaki wa Sichuan kwa mchoma bata asilalamike. Mimi menyu fupi ndiyo ninayoiamini. Ile yenye kurasa kama daftari la hesabu naiogopa.

Hatua ya 2: Ukiwa peke yako, nenda mchana

Migahawa mingi ina bei ya mchana kwa sahani ya mtu mmoja. Tafuta 盖饭, yaani wali uliomwagiwa mboga au nyama juu, au bakuli la tambi za supu. Bufee sizipendekezi hata kidogo: chakula cha Kichina cha kukaangwa kinataka kuliwa kikitoka kwenye karai, si baada ya kukaa saa nzima juu ya maji ya moto.

Hatua ya 3: Nguruwe asiyeandikwa kwenye menyu

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tulia.

Watu wengi hukagua menyu wakitafuta neno "nguruwe", wasipoliona wanaagiza. Haitoshi. Anza na herufi chache: 鸡 ni kuku (au 雞), 牛 ni ng'ombe, 羊 ni kondoo au mbuzi, 鱼 ni samaki (au 魚), 猪 ni nguruwe (au 豬). Halafu ile inayowaponza watu: 肉, nyama. Ikiandikwa peke yake bila jina la mnyama mbele yake, kwa kawaida ni nguruwe. Haitajwi kwa sababu kwa mpishi ndiyo nyama yenyewe.

Pili, kuna vyakula vinavyoonekana ni mboga na sivyo. Tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya mapo, chakula cha pilipili cha Sichuan, hupikwa na nyama ya kusaga, ya ng'ombe au ya nguruwe, kutegemea mpishi. Maharage mabichi ya kukaangwa makavu kwa mtindo wa Sichuan mara nyingi hunyunyiziwa nyama ya nguruwe ya kusaga. Biringanya zinazoitwa 鱼香 hazina samaki hata chembe, ingawa herufi ya samaki iko pale. Zinaweza kuwa na nguruwe. Wali wa kukaangwa wa Yangzhou huwa na vipande vidogo vya nguruwe. Supu ya pilipili na siki nayo ni hivyo hivyo.

Tatu, usichokiona kabisa: supu iliyochemshwa kwa mifupa, mafuta ya nguruwe yaliyokaangia mboga, na kwenye duka la nyama za kuchoma, kisu na ubao mmoja unaokata bata na nguruwe. Kwa anayekwepa pombe pia, divai ya mchele ya Shaoxing hutiwa kwenye nyama nyingi kabla ya kupikwa.

Kwa hiyo usimuulize mhudumu "kuna nguruwe?" Atafikiria vipande vya nyama na kukujibu hapana kwa moyo safi kabisa. Uliza kimoja kimoja: nyama ya kusaga, mifupa ya supu, mafuta. Kama lugha haipandi, hifadhi sentensi hizi kwenye simu umwonyeshe:

我不吃猪肉，也不吃猪油。 (Sili nyama ya nguruwe, wala mafuta ya nguruwe.)

汤里有猪骨吗？ (Kwenye supu kuna mifupa ya nguruwe?)

Programu ya kutafsiri kwa kamera inasaidia kwenye menyu iliyochapishwa. Kwenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa ukutani, ambako vyakula vitamu ndiko viliko, hubahatisha. Hapo mimi hutazama meza ya jirani na kunyoosha kidole, kisha nauliza maswali yangu yale yale.

Kama sharti lako ni la dini na hutaki karai lililopikiwa nguruwe, maswali hayatakutosha; badilisha mgahawa. Tafuta herufi 清真 mlangoni, maana yake halali. Maduka mengi ya tambi za ng'ombe za Lanzhou ni ya Waislamu wa jamii ya Wahui, na huko unachagua hata unene wa tambi, kutoka nyembamba kama unywele hadi pana kama mkanda. Lakini jina Lanzhou peke yake si cheti: tafuta 清真 kisha uulize. Njia nyingine ni mgahawa wa 素, wa mboga tupu kwa desturi ya Kibudha. Humo "bata" na "kuku" hutengenezwa kwa soya au ngano.

Hatua ya 4: Mkiwa wengi, agizeni kwa ajili ya meza

Sahani huwekwa katikati, kila mtu na bakuli lake la wali. Watu wanne, sahani nne: nyama moja, tofu moja, mboga za majani moja, na supu. Sahani nne za nyama ni bili kubwa na mlo mzito usiomalizika.

Hatua ya 5: Pilipili za Sichuan

Zile kavu zilizojaa sahanini haziliwi. Sukuma kando utafute kuku. Punje ndogo zinazotia ulimi ganzi ni huajiao, si sumu. Na samaki anayekuja ameelea kwenye kimiminika chekundu, usikinywe: hayo ni mafuta, si supu.

Hatua ya 6: Penye mizani

Kwenye malatang, mgahawa wa supu ya pilipili unayojichagulia vya kuchemshiwa ndani yake, unajaza bakuli mwenyewe na kulipa kwa uzito. Majani, uyoga na tambi kavu ni vyepesi. Mahindi yenye gunzi, figili na tofu yenye maji vina uzito bure. Jaza majani kwanza, nafasi iishe.

Hatua ya 7: Mabaki

Sema 打包, "dabao", utaletewa vikopo vya kufungia. Fungasha nyama na mboga. Tambi za supu zimalize hapo hapo, kwani njiani zitanyonya supu yote.