Gemu ya mdundo ikikuangusha, kagua visikizi kwanza

Wachezaji wa barazani hapa Lamu, katika gemu hizi za kugusa vigae vinavyoshuka kiooni kwa kufuata muziki, lile lalamiko la "nimegusa kwa wakati, gemu yasema nimechelewa" mara nyingi si la kidole. Visikizi vya Bluetooth huweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 100 hadi 300, ilhali gemu nyingi hutaka uguse ndani ya milisekunde 50 hivi ndipo upate alama kamili. Vaa vya waya. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kulinganisha sauti, ufumbe macho na ugonge kwa kufuata sauti tu. Gemu itakupa namba ya ucheleweshaji; rudia mara tatu, uchukue ile ya katikati. Ukibadilisha visikizi au ukihamia spika ya simu, anza upya. Ile namba ya kwanza haifai tena.

Zima kiokoa betri, kwani kwenye simu nyingi hupunguza kasi ya kioo kuonyesha picha mpya na vigae hushuka kwa kurukaruka. Na joto hili la kaskazi: kidole chenye jasho hukwama kikiburura, basi pangusa kioo kwa kitambaa kikavu cha pamba.

Hayo yote yakiwa sawa na bado haikunogei, gemu yenyewe ndiyo mbovu. Sikiliza kama vigae vinafuata ngoma au vimemwagwa tu ili vionekane vingi. Sikio lililozoea ngoma ya chakacha hutambua upesi: pale pigo hugawika kwa tatu, na aliyepanga vigae akiligawa kwa nne, hata fundi hukosa. Jaribu nyimbo mbili za bure kabla ya kutoa hata shilingi.