Kupaka bluu-kijani iliyokoza sebuleni: chumvi, vumbi na mwanga wa Dodoma

Chagua ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha. Ulio ubavuni mwa dirisha uache, maana mwanga unaupitia kwa upande na kila wimbi la lipu litaonekana.

Rangi usiichague kwa picha ya simu. Chukua namba kwenye kadi ya duka, nunua kopo dogo, paka kipande cha jipsamu, kiegemeze ukutani, ukitazame mchana na tena usiku taa zikiwaka. Balbu za 6500K, zenye mwanga mweupe wa baridi, huifanya iwe bluu ya ofisini. Za 2700K hadi 3000K, zenye mwanga wa manjano, hutoa ule ukijani wake, na hizo ndizo za kununua.

Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, lakini rangi iliyokoza hutengenezwa kwa rangi ya msingi yenye unga mweupe kidogo, hivyo hufunika vibaya na mkono wa tatu mara nyingi haukwepeki. Nunua lita 4 kwa mara moja, na andakoti, ile rangi ya chini, iwe ya kijivu.

Kinachoharibu kazi zaidi ni chumvi. Maji ya visima vingi hapa yana chumvi, na yakichanganyiwa lipu hubaki ukutani yakisubiri unyevu. Kwenye nyeupe huenda usiione. Kwenye rangi hii hutoka kama unga uliomwagika. Lipu mpya ipewe siku 28. Ukuta wa zamani ukwanguliwe, upigwe brashi kavu. Usiuoshe, kwani maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kisha bandika nailoni, ziba kingo zote kwa selotepu, uache saa 24. Ukikuta matone upande wa ukutani, tafuta kwanza bomba linalovuja au udongo uliorundikwa nje juu ya msingi. Ukiwa mkavu, piga praima (rangi ya kutangulia) ya kuzuia alkali, ukali wa saruji unaoharibu rangi.

Skimu, tabaka jembamba la kulainisha ukuta, isuguliwe kwa msasa namba 120, halafu 220, huku tochi ikimulika kutoka ubavuni. Hapo ndipo fundi mvivu hujulikana.

Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa kavu na upepo hukausha rangi kabla rola haijarudi, na michirizi hubaki kwenye maungio. Anza saa moja asubuhi, nyunyizia sakafu maji, funga madirisha ya upande wa upepo. Usikate kona zote kwa brashi (yaani kupaka kingo ambazo rola haifiki) ndipo ushike rola: zitakauka na kuacha fremu. Kata kipande, piga rola papo hapo, na kila mstari uungane na uliotangulia ukiwa bado mbichi. Maji ya kuchanganyia rangi yasizidi asilimia 10, tena mkono wa kwanza tu, hata fundi akisema rangi “haiendi”. Kati ya mikono subiri kwa muda wa saa nne.

Chukua rangi ya silki, yenye mng'ao laini, isiyong'aa sana. Mati, isiyong'aa kabisa, hupendeza siku ya kwanza, ila vumbi jekundu litakulazimisha kuifuta, na ikifutwa huacha mabaka ya kung'aa.

Kuta nyingine ziwe krimu. Mninga, vikapu vya Singida na vyungu vya udongo huchangamana na bluu-kijani hii vizuri kuliko zulia la kijivu. Mpangaji apige hesabu mapema: kurudisha ukuta huu kuwa mweupe kutadai praima na mikono isiyopungua miwili.