SOMO: Kupima jina la chuo kikuu kabla ya kuomba, kwa waombaji wa Unguja na Pemba

Assalamu alaykum. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, swali linalozunguka majumbani ni moja: chuo gani kina jina? Swali ni la haki, kwa sababu jina hufungua milango. Tatizo ni kwamba wengi hulipima jina la chuo kizima, ilhali mwanafunzi haendi kusoma chuo kizima. Anakwenda kusoma kozi moja, katika idara moja, kwa walimu wanaohesabika. Chuo kimoja kinaweza kuwa na idara ya kupigiwa mfano na jirani yake idara inayosuasua. Somo hili linaonesha namna ya kulipima jina la kozi.

Utahitaji matokeo yako, mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU (upo bure kwenye tovuti yao, kuna wa kidato cha sita na wa wenye diploma, usichanganye), simu yenye bando na daftari. Chora jedwali: kozi nne au tano kwa urefu, hatua zifuatazo kwa upana.

Hatua ya 1: Ondoa usizoweza kuingia

Kwa kidato cha sita, kiwango cha chini cha shahada ni principal mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Basi D mbili zinafika, C na E zinafika, D na E hazifiki. Wanapokwama wengi ni hapa: pointi huhesabiwa katika masomo yanayoongoza kozi, si masomo yoyote mawili uliyofanya vizuri. Mwenye HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) aliyepata B ya Historia na B ya Kiingereza ana pointi 8, na bado hawezi kuzipeleka kwenye kozi inayoongozwa na Hisabati. Soma safu ya masharti ya kozi neno kwa neno, pamoja na masharti ya kidato cha nne yaliyojificha mwishoni.

Mwenye diploma anahitaji GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hiki ni kizingiti tu. Kozi zinazogombewa hujaa kwa watu wenye zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Hakiki kibali cha chuo, cha kozi na cha kampasi

Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo vyuo vikuu vya Zanzibar navyo viko chini ya TCU. Angalia vitu vitatu: chuo kimo katika orodha ya vinavyotambuliwa, kozi yenyewe imo katika mwongozo, kwa jina lile lile na msimbo wake, na imeandikwa kwa kampasi utakayosomea. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) peke yake kina kampasi Tunguu, Vuga, Nkrumah, Maruhubi, Mbweni, Kizimbani na Pemba, na kila kozi ina mahali pake.

Usidharau hatua hii kwa sababu chuo ni maarufu. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine 22 ikazuia kozi 75 huku vyuo vyenyewe vikiendelea. Angalia hilo kundi la pili: chuo salama, kozi imefungwa. Aliyetazama jina la chuo tu hakuwa na namna ya kujua.

Kozi isiyomo katika mwongozo, hata kama ofisi ya udahili inasema "kibali kiko njiani", usiiombe. Mkopo hautoki kwa kozi isiyotambuliwa, na cheti chake kitakusumbua siku ya ajira.

Hatua ya 3: Uliza jina hilo linasikika kwa nani

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Jina halina thamani moja kila mahali. Andika juu ya ukurasa kazi unayoitaka na mahali unapotaka kuifanyia, kisha uulize mwajiri wa kazi hiyo anatazama nini.

Kazi zenye mabaraza ya kusajili wanataaluma, kama udaktari, uuguzi, ufamasia na uhandisi, hutazama kwanza kama shahada inakubaliwa na baraza. Ukishasajiliwa, jina la chuo linashuka thamani sana. Daktari aliyesajiliwa ni daktari. Kwa hiyo usiulize "chuo gani kikubwa?" Uliza "baraza linawasajili wahitimu wa kozi hii bila mitihani ya ziada?" Na kwa kuwa mabaraza ya Bara na ya Zanzibar ni tofauti, anayetaka kufanya kazi pande zote mbili aulize pande zote mbili.

Ualimu wa skuli za hapa kwetu: mwajiri mkubwa ni Serikali, na anachotafuta ni masomo mawili ya kufundishia yenye upungufu. Mwalimu wa Fizikia na Hisabati kutoka chuo kidogo ana nafasi nzuri kuliko mwenye masomo yaliyojaa watu kutoka chuo kikongwe.

Utalii na hoteli: meneja wa hoteli ya Nungwi au Kiwengwa anataka lugha na mikono iliyokwisha kufanya kazi. Sheria na sharia pamoja: Zanzibar University pale Tunguu, kilichoanza 1998, kina kitivo cha fani hizo mbili, na kwa anayeikusudia Mahakama ya Kadhi hilo lina maana. Ualimu na Kiarabu: Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait cha Chukwani kilianza kama chuo cha elimu, na ualimu ndio mzizi wake. Kufundisha Kiswahili kwa wageni: TAKILUKI ya Vuga, taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ilikuwako kabla ya SUZA, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, kuwako. Majina haya yana nguvu kila moja katika eneo lake, na nje ya eneo hilo lazima uyapime upya.

Hatua ya 4: Zisome orodha za ubora ukijua zinapima nini

Kila mwaka husambaa picha kwenye WhatsApp: "Chuo chetu ni cha tatu Tanzania." Kabla hujaifurahia, tafuta jina la aliyepanga orodha.

Webometrics, iliyoanzia Hispania mwaka 2004, hutoa asilimia 50 kwa viungo ambavyo tovuti nyingine zinavielekeza kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 40 ni za tafiti zinazonukuliwa sana, na 10 za watafiti wanaonukuliwa zaidi. Ufundishaji haumo kabisa. Chuo kikirekebisha tovuti yake kinaweza kupanda bila mwalimu mmoja kuongezeka.

Orodha ya QS hutoa asilimia 30 kwa maoni ya wanataaluma wa dunia nzima na 15 kwa maoni ya waajiri. Ni jina linalopima jina: profesa wa Ufaransa hawezi kukitaja chuo cha Chukwani asichowahi kukisikia, hata kama kinatoa walimu bora wa Kemia. Uwiano wa walimu na wanafunzi, ambao ungekugusa wewe moja kwa moja, umepewa asilimia 10 tu. Orodha ya Times Higher Education inataka chuo kiwe na machapisho yasiyopungua 1,000 kwa miaka mitano. Chuo kidogo hakimo kwa udogo wake, si kwa ubovu wake. Ile ya Shanghai huhesabu hata tuzo za Nobel za wahitimu na walimu. Kwa shahada ya kwanza Zanzibar haikusaidii chochote, iruke.

Matumizi sahihi ni haya: anayefikiria shahada ya uzamili au uzamivu ng'ambo azitazame, kwa sababu vyuo vya huko na wafadhili wengine huzitazama. Kwa shahada ya kwanza ya kufanyia kazi Unguja, Pemba au Dar es Salaam, zipe nafasi ya mwisho kwenye jedwali.

Hatua ya 5: Hesabu walimu wa idara

Fungua ukurasa wa idara. Mkufunzi msaidizi kwa kawaida ana shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi ana uzamili, mhadhiri na kuendelea ana uzamivu. Hesabu wenye uzamivu *katika fani ya kozi yako*. Idara yenye wahadhiri wengi wasaidizi na daktari mmoja ambaye pia ni mkuu wa kitivo itakufundisha kwa kubabaisha. Kisha uliza wangapi ni wa kudumu. Mwalimu wa kukodiwa anayevuka na boti kutoka Dar es Salaam hubana vipindi vya mwezi katika wikiendi mbili, na bahari ikichafuka kipindi kinaahirishwa mpaka karibu na mtihani.

Ukurasa ukiwa mtupu, piga simu ofisi ya idara. Wakikataa kukwambia, andika hivyo kwenye jedwali.

Hatua ya 6: Tazama vitendo na waliokutangulia

Kozi ya afya: wanafunzi huzunguka wodi zipi, na wangapi kwa mgonjwa mmoja? Sayansi: kila mwanafunzi anagusa kifaa, au kumi wanamtazama mmoja? Kompyuta: maabara inafunguliwa saa za jioni? Fild (mafunzo ya vitendo kazini) ni wiki ngapi, na nani anatafuta nafasi, chuo au mwanafunzi?

Kisha tafuta wahitimu watatu wa kozi hiyo waliomaliza miaka miwili au mitatu nyuma. Wa mwaka huu bado wanasubiri ajira. Wa miaka kumi nyuma walisoma chuo kingine kwa jina lile lile. Usiwaulize kama chuo ni kizuri, kila mtu husifia kwake. Uliza: mliingia wangapi, mkamaliza wangapi kwa wakati? Matokeo hutoka baada ya muda gani? Wengi walikamatwa na supu (mtihani wa marudio) katika somo lipi, na waliodisko (walioondoshwa chuoni kwa kufeli) walikuwa na shida gani? Cheti ulikipata lini? Kazi ya kwanza uliipata kwa njia gani?

Kama kozi haijatoa mhitimu hata mmoja, si sababu ya kuikimbia. Basi hatua ya 5 ibebe uzito mara mbili.

Hatua ya 7: Panga maombi

Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, si TCU. Omba vyuo vitatu: kimoja ambacho pointi zako zinagusa kizingiti, kimoja cha kiwango chako, kimoja ambacho huna wasiwasi nacho. Piga hesabu ya ada pamoja na chumba, chakula na nauli za boti. Wa Wete anayesoma Dar es Salaam anavuka mara mbili kila likizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mzazi, Chake Chake: Shukrani kwa somo. Binti yangu ana nafasi ya ualimu wa sayansi SUZA na pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jamaa wote wanasema aende Dar, kuna jina.

Jibu: Mzee wangu, jina la UDSM ni la kweli, kilianza 1961 na kinajulikana Afrika nzima. Lakini kama binti anataka kurudi kufundisha Pemba, shahada zote mbili zitampeleka mahali pamoja. Linganisha maabara, masomo mawili atakayofundisha na gharama. Akiwa na nia ya kuendelea na uzamili katika Kemia au Fizikia yenyewe, hapo Dar inapanda, kwa sababu ya watafiti waliopo.

Mwanafunzi, Mkoani: IIT Madras ya Zanzibar, tawi la chuo cha teknolojia cha India, ni mpya. Jina lake tulihesabu ni la 2023 au la India?

Jibu: Yote mawili, kwa vitu tofauti. Chuo mama cha Chennai kipo tangu 1959, na katika orodha ya serikali ya India kimeshika nafasi ya kwanza kwa ujumla mfululizo tangu 2019. Jina hilo linakuja na cheti. Maabara, maktaba na walimu waliojenga jina hilo wako Chennai, kwa hiyo uliza nani anafundisha hapa na kwa muda gani. Kuingia kuna mtihani na usaili wao wenyewe, jitayarishe kwa Hisabati.

Mwanachama, Jang'ombe: Nimeajiriwa, nataka Chuo Kikuu Huria. Watu wanasema shahada yake ni nyepesi.

Jibu: Ndugu, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kinatambuliwa na TCU sawa na vingine. Hatari yake iko kwingine: hakuna wa kukusukuma, na wengi hupitiliza miaka. Kama huwezi kutenga saa mbili kila usiku, tafuta kozi ya jioni.

Mzazi, Konde: Kuna wakala anamtafutia kijana chuo nje ya nchi, anataka pesa ya kushika nafasi.

Jibu: Dada, kabla ya pesa, jina la chuo litafutwe kwa msimamizi wa vyuo wa nchi hiyo: UGC kwa India (wao hutoa hata orodha ya vyuo bandia), YÖK kwa Uturuki, NCHE kwa Uganda. Kisha TCU waulizwe kama watakitambua cheti hicho kijana akirudi. Jibu liwe kwa maandishi. Wakala akisema hakuna haja ya TCU, mrudishe mlangoni. Na ada ilipwe akaunti ya chuo, si ya mtu.

Mwanafunzi, Fuoni: Nikichaguliwa vyuo viwili?

Jibu: Utatumiwa msimbo wa kuthibitisha kwa simu, na unathibitisha kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Tumia namba ya simu iliyo yako mwenyewe tangu siku ya kuomba. Wanaoandika namba ya duka la intaneti huukosa msimbo, na nafasi huenda kwa mwingine.