Somo: Kufunga na Kusafirisha Picha Yenye Fremu kutoka Nairobi

Kinachoharibu picha nyingi safarini ni kuchezacheza ndani ya boksi tangu inapoondoka hadi inapofika. Niliwahi kufunga mchoro wa rangi za maji kwa haraka, nikaacha pembeni nafasi ya vidole viwili, na ulipofika Mombasa kioo kilikuwa vipande vipande, kimoja kikiwa kimekwangua uso wa bibi aliyechorwa humo. Kioo hubadilishwa, lakini uso ule haukurudi.

Hatua ya kwanza ni kupima, kabla hujanunua hata utepe. Kampuni nyingi zinazosafirisha vifurushi kwa ndege hulinganisha uzito wa mizani na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha kugawanya, mara nyingi kwa 5,000. Boksi la sentimita 80 kwa 60 kwa 15 litahesabiwa kuwa kilo 14.4, hata kama picha yenyewe ina kilo 5 tu, na kila sentimita ya kina utakayoipunguza hapo itakuokolea karibu kilo nzima. Picha hiyohiyo, ikiwa imechorwa kwenye turubai (kitambaa cha kuchorea), ikitolewa kwenye fremu na kuviringishwa ndani ya bomba la kadibodi lenye urefu wa sentimita 70 na kipenyo cha 12, hesabu hushuka hadi kilo 2 hivi. Ndiyo maana mimi humshauri mteja wa ng'ambo anunue fremu kwao.

Hatua ya pili ni kioo. Bandika utepe wa karatasi juu yake kwa mistari inayokatana. Hautakizuia kuvunjika, lakini utashika vipande visikwangue mchoro.

Hatua ya tatu, funika picha kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha plastiki ya viputo. Kwa turubai isiyo na kioo, viputo vitazame nje, kwa sababu vikikandamizwa kwenye rangi huacha alama za duara ambazo ni vigumu kuziondoa. Pembe za fremu zivishwe kadibodi iliyokunjwa mara kadhaa, kwa kuwa ndizo hupokea pigo la kwanza.

Hatua ya nne, weka picha katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu vinavyoizidi kidogo kila upande, vifunge pamoja, kisha viingize katika boksi linaloacha sentimita 5 hivi kuzunguka. Jaza nafasi hiyo kwa mabaki ya kadibodi au sponji. Magazeti yaliyofinyangwa hulala baada ya muda, na nafasi hurudi.

Hatua ya mwisho, tikisa boksi. Ukisikia au ukihisi kitu kikisogea, fungua na ujaze upya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi hutuma picha Kisumu kwa basi. Je, ni lazima nitengeneze kasha la mbao?*

Hapana, dada yangu. Boksi lililofungwa kama nilivyoeleza linatosha, mradi lisimamishwe wima pembeni na lisilazwe chini ya magunia, kwa hiyo simama hapo ukiona linavyopakiwa. Kasha la mbao ni la picha kubwa au nzito, na likienda nje ya nchi, mbao halisi zisizo plaiwudi ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30, na kupigwa mhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hilo, ama sivyo linaweza kuzuiliwa bandarini.

*Mteja wangu wa Ujerumani anaitaka fremu yenyewe, kwa sababu niliichonga kwa mkono. Nifanyeje?*

Basi kaka, ondoa kioo uweke akriliki, ambayo ni plastiki angavu, nyepesi na isiyovunjika kirahisi kama kioo. Usiibandike utepe, kwani utepe huweza kuacha gundi, na akriliki yenyewe hukwaruzika upesi.

*Rangi ya mafuta ikishakauka kwa kugusa, naweza kuviringisha turubai?*

Subiri. Uso hukauka mapema, lakini rangi nene huweza kubaki laini ndani kwa miezi mingi. Iliyopakwa nyembamba na kukauka kabisa iviringishwe rangi ikitazama nje, ili isijikunyate na kupasuka. Yenye rangi nene iliyopakwa kwa mafungu mafungu isiviringishwe kamwe. Itume ikiwa bapa, na hiyo gharama ya ziada umweleze mteja kabla hajalipa.