Namna ya kufundisha chanzo cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa kete za bao

Mwalimu mwenzangu, mada hii usiianze na Rais Abraham Lincoln. Ukimtanguliza yeye, wanafunzi watakariri mwaka 1861, vita vilipoanza, na wasijue ugomvi ulikuwa wa nini. Skulini kwetu Wete mimi naanza na kitambaa cha marekani, kile kizito cha pamba kisichopaushwa. Waulize kilifikaje Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts huko Marekani, walikileta, hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Kilifumwa Massachusetts, jimbo lisilo na watumwa, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Watoto waliokulia kwenye mikarafuu hulielewa hilo upesi, kwa sababu hapa pia karafuu zilichumwa na watumwa. Darasani wamo vitukuu vya waliomiliki na vya waliomilikiwa, basi usimwache mtoto yeyote anyooshewe kidole.

Sasa toa kete za bao. Mwanafunzi mmoja awe Kaskazini, majimbo huru yasiyo na utumwa, mpe 11. Mwenzake awe Kusini, majimbo ya utumwa, mpe 11. Ndivyo majimbo yalivyolingana mwishoni mwa 1819, na kila jimbo, kubwa au dogo, lilikuwa na maseneta wawili. Missouri ikaomba kuingia na watumwa wake. Waache wabishane kwanza. Kisha waambie yaliyokubaliwa 1820: Missouri na watumwa, Maine huru, na katika ardhi iliyonunuliwa kwa Ufaransa, kaskazini ya nyuzi 36 na dakika 30, utumwa marufuku isipokuwa Missouri yenyewe.

Hapa usikimbie. Bungeni waligombania zaidi ardhi mpya. Wenye mashamba walijua kete zikizidi upande wa pili, sheria zinazolinda mali yao ziko hatarini, na mali hiyo ilikuwa watu, karibu milioni 4 ilipofika 1860.

Mwaka 1850 California iliingia huru, 16 kwa 15. Kusini ikapewa sheria kali ya watumwa watoro. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe, na kamishna alilipwa dola 10 akimrudisha utumwani, dola 5 akimwachia. Andika namba hizo ubaoni kwa herufi kubwa na uwape muda wa kuzitazama.

Mwaka 1854 mpaka ule wa nyuzi 36 na dakika 30 ukafutwa, Kansas wakaachiwa waamue wenyewe kuhusu utumwa, watu wakauana. Kisa cha Preston Brooks, mbunge wa Kusini, kumpiga Charles Sumner, seneta wa Kaskazini aliyepinga utumwa, kwa bakora ndani ya Seneti, 1856, kipe dakika mbili tu, kitakumalizia kipindi.

Muda huo mpe Dred Scott, mtumwa aliyekaa na bwana wake Illinois, jimbo huru, kisha akadai uhuru wake mahakamani. Mwaka 1857 Jaji Taney wa Mahakama Kuu alisema mtu mweusi hawezi kuwa raia, na Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika ardhi mpya. Uliza darasa: kete zina kazi gani tena?

Ndipo Lincoln. Alishinda 1860 kwa ahadi ya kuzuia utumwa usienee, wala hakuahidi kuufuta ulikokuwa. South Carolina, jimbo la Kusini, ikajitoa katika muungano wa Marekani 20 Disemba, na tamko lake linautaja utumwa waziwazi. Mwanafunzi akidai Kusini ilipigania haki za majimbo tu, mrudishe kwenye sheria ya 1850: Kusini ndiyo iliyotaka serikali kuu iingie majimbo ya Kaskazini kukamata watu.