Daftari la saa: kwa mnasihi wa Unguja au Pemba anayetaka leseni ya Marekani

Mtihani ukifeli unarudiwa. Saa za mazoezi ya unasihi ambazo hazikuandikwa wala kutiwa saini kwa wakati wake hazirudi, hata kama kazi uliifanya kweli. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye daftari.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini, na kwa nani

Marekani haina leseni moja ya taifa. Mnasihi wa kliniki anapewa leseni na bodi ya jimbo, na mnasihi wa skuli anapewa cheti na idara ya elimu ya jimbo. Cheti cha NCC (mnasihi aliyethibitishwa kitaifa) kinachotolewa na NBCC, bodi ya taifa ya kuthibitisha wanasihi, kinatambulika nchi nzima, lakini peke yake hakikuruhusu kufungua mlango na kupokea wateja. Chagua jimbo kwanza, kisha chapisha masharti yake na uandike tarehe juu ya karatasi, maana masharti hubadilika. Barua ya mwalimu mkuu inayokuteua kuwa mwalimu wa ushauri nasaha ni ushahidi wa kazi tu. Haihesabiwi kuwa leseni.

Hatua ya 2: Pima shahada yako

Majimbo mengi yanataka shahada ya uzamili ya unasihi yenye krediti 60 za muhula. Hapa wengi hujidanganya, kwa kuwa krediti za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) si hizo. Kwa hesabu ya TCU krediti moja ni saa 10 za kujifunza, pamoja na kujisomea. Ya Marekani ni kama saa 15 za darasani, na kujisomea ni juu yake. Kwa hiyo krediti 180 za uzamili wako wa hapa usizifurahie mapema. Omba chuoni muhtasari wa kila somo ukiwa bado unasoma. Mtathmini wa vyeti atalinganisha somo kwa somo, na jina la somo pekee halimwambii kitu.

Hatua ya 3: Pata msimamizi kabla ya saa ya kwanza

Mwalimu mkuu anasimamia ajira yako. Msimamizi anayetakiwa ni wa taaluma, mwenye sifa za unasihi, anayepitia kesi zako na kukusahihisha. Kama wewe uko Wete na yeye yuko Mjini Unguja, uliza bodi kwa maandishi kama usimamizi wa video unakubalika, na jibu lao lihifadhi. Kuuliza baada ya mwaka ni kuchelewa.

Hatua ya 4: Daftari lenyewe

Tenga madaftari mawili. La kwanza ni la saa za masomoni. Programu zinazofuata viwango vya CACREP, chombo cha Marekani kinachoidhinisha programu za unasihi, zinataka saa 100 za mazoezi ya awali, 40 kati yake ana kwa ana na wateja, halafu saa 600 za mafunzo kazini, 240 kati yake ana kwa ana. La pili ni la saa za baada ya shahada. Majimbo mengi yanataka takriban 3,000. NBCC nayo inataka 3,000 pamoja na saa 100 za usimamizi kwa asiyetoka programu ya CACREP.

Piga mistari ya safu hizi: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, namba ya mteja, aina ya kikao, dakika za ana kwa ana, dakika za kazi nyingine, dakika za usimamizi, saini. Andika dakika halisi. Kikao cha dakika 40 usikiite saa moja. Kama kuna kukadiria, bodi ndiyo ikadirie.

Tuchukue mwalimu wa sekondari Chake Chake. Wiki moja ana vikao vinne vya mwanafunzi mmoja mmoja, dakika 40 kila kimoja, na kikundi cha wasichana wanane kwa dakika 60. Jumla ni dakika 220, yaani saa 3 na dakika 40. Kikundi kile ni dakika 60, si 60 mara nane. Kosa hili likionekana mara moja, daftari zima linatiliwa shaka. Vipindi vyake vya Kiswahili na kusimamia mitihani haviingii kabisa. Kwa mwendo huo saa 240 zitamchukua wiki 66, na mwaka wa skuli haufiki huko. Basi aombe mapema kituo cha pili, kama kituo cha Mkono kwa Mkono (kinachohudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia) au hospitali, kwa barua inayotaja majukumu yake.

Siri nayo ina hesabu yake kwetu. Ukiandika "msichana wa kidato cha pili, baba mvuvi, shehia fulani", jina umeshalitaja; mji mzima unamjua. Andika namba tu, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine.

Saini ichukuliwe kila wiki. Msimamizi akihama au akifariki, kurasa zisizo saini zinabaki karatasi tu.

Hatua ya 5: Jina liwe moja

Khadija kwenye pasipoti, Hadija kwenye cheti cha NECTA, na jina la babu halipo kwenye cheti cha kuzaliwa: huu ndio ugonjwa wetu. Tafuta hati ya kiapo kabla ya kutuma chochote, na jina la pasipoti ndilo litumike kila pahala.

Hatua ya 6: Tuma, kisha omba nafasi ya mtihani

Matokeo ya chuo yatoke chuoni moja kwa moja kwenda kwa mtathmini. Bahasha ukiifungua, umeiharibu. Mtihani wa NCE, yaani mtihani wa taifa wa wanasihi unaotumiwa na majimbo mengi, una maswali 200, na 160 tu ndiyo yanayohesabiwa. Hutaambiwa ni yapi, kwa hiyo jibu yote. Muda ni dakika 225. Kwa unasihi wa skuli baadhi ya majimbo yanataka Praxis (mtihani wa wafanyakazi wa skuli) badala yake, basi hakikisha kabla ya kulipa ada.